Kifafa hakisubiri kisomo kiishe: maswali ya jamaa wa wagonjwa

Maswali haya huulizwa na jamaa wa wagonjwa wa kifafa, wengi wao Waislamu wenzangu wa pwani, waliokwisha pita kwa shekhe, kwa mganga, kisha kwa shekhe mwingine kabla ya kufika kliniki. Nayajibu hapa kama ninavyowajibu wao.

Kifafa ni nini hasa?

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Umeme huo ukivurugika ghafla, mtu huanguka, hukakamaa na kutetemeka, au hukodoa macho tu asisikie anapoitwa. Ikijirudia bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo, hicho ni kifafa. Tunaowaona wengi ni watoto waliochelewa kulia walipozaliwa, waliopata malaria kali ya kichwani au homa ya uti wa mgongo, na watu wazima walioumia kichwa kwenye ajali za bodaboda au waliopata kiharusi. Wengine chanzo hakionekani, na dawa huwasaidia vilevile.

Akianguka huguna maneno yasiyoeleweka, na nguvu zake si za kawaida. Hilo si jini?

Nguvu hizo ni misuli yote kujikaza kwa pamoja. Kuguna, kutafunatafuna na kushikashika nguo ni dalili zinazojulikana za kifafa kinachoanzia upande wa ubongo ulio karibu na sikio.

Sibishani na mtu kuhusu kuwepo kwa majini. Qur'ani ina sura nzima yenye jina hilo. Ninachokataa ni mgonjwa kufungiwa chumbani na moshi wa ubani, au kuchapwa ili "jini liseme". Ibn Sina, tabibu wa Kiislamu aliyefariki 1037, alikieleza kifafa kama maradhi ya ubongo. Hata mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyeandika sana juu ya majini, alitaja kifafa cha aina mbili, na moja aliihesabu kuwa ya mwili, inayotibiwa na matabibu. Sasa shekhe wa mtaani anajuaje kwa kutazama tu kwamba mwanao hana hiyo ya mwili?

Tunasikia kwenye mawaidha kwamba Qur'ani ilitaja sehemu ya mbele ya ubongo. Ni kweli?

Wanakusudia Surat al-Alaq, aya ya 15 na 16, zinazomuonya Abu Jahl, adui wa Mtume, kwamba atakokotwa kwa nywele za mbele ya kichwa, shungi la uwongo lenye makosa. Wahubiri husema nyuma ya paji ndipo ubongo unapopanga na kujizuia. Ni kweli kwamba sehemu hiyo hufanya kazi hizo. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, nondo ilipenya sehemu ya mbele ya ubongo wa Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli. Aliishi, lakini waliomjua walisema tabia yake imebadilika. Ila uwongo hauna chumba kimoja kichwani. Sehemu nyingi hushirikiana. Nami sioni kama imani yetu inahitaji kutegemea picha ya ubongo.

Kinachonichosha ni kingine. Mtu yule yule anayesambaza mawaidha hayo kwenye simu ndiye anayeniambia mwanawe hana ugonjwa wa ubongo, ana jini. Ukiukubali ubongo kwenye mawaidha, ukubali basi kwamba nao huugua kama ini na figo.

Tumalize kwanza kisomo cha Qur'ani cha siku saba, halafu tumlete?

Hapana. Mleteni leo. Mtoto mwenye homa anayepata degedege huenda ana malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na siku saba hana. Mjamzito mwenye mimba kubwa akianguka kwa degedege, hicho huenda ni kifafa cha mimba, kinachoua mama na mtoto. Akimbizwe saa hiyo hiyo.

Hata kama amezoea kuanguka, na huamka mwenyewe?

Hata huyo. Anayeanguka mbele ya jiko la kuni huungua, na anayeanguka kisimani au baharini huzama. Makovu ya moto ninayoyaona mikononi mwa mabinti yangezuilika kwa vidonge vya bei ndogo. Kimojawapo, fenobabitoni, kinatumika kwa kifafa tangu 1912. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, mnywesheni akiwa macho, mkipenda. Lakini mleteni.

Yule mwanamke wa kwenye hadithi si aliambiwa asubiri?

Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas. Mwanamke mweusi alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba huanguka na mwili wake hufunuka. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba dua asifunuke. Tazameni: hakupigwa, hakufichwa, na aliyechagua ni yeye mwenyewe. Nyinyi mnamchagulia mtoto wa miaka sita. Na Mtume huyo huyo aliamrisha watu wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi bila kuyawekea dawa.

Akianguka tufanye nini?

Ondoeni vitu vikali na moto, legezeni ushungi au kola, mlazeni kwa ubavu akitulia, na mtazame saa. Zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, ni hospitali. Msimtie kijiko mdomoni, wala maji, wala kombe. Povu lake haliambukizi. Mshikeni bila hofu.

Miezi mitatu hajaanguka, tumeacha dawa.

Mmefanya hatari. Kukatisha ghafla huweza kuleta degedege lisilokatika. Kwa kawaida daktari hafikirii kupunguza dozi kabla mgonjwa hajakaa angalau miaka 2 bila kuanguka.

Na Ramadhani?

Al-Baqara 184 imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Njooni Shaabani, mwezi wa kabla yake, tupange: dawa ya mara moja usiku huwafaa wengi wanaofunga. Asikose daku na asikeshe, maana kukosa usingizi huchochea kuanguka. Ambaye kifafa chake hakijatulia asifunge.

Tunaweza kuja na shekhe wetu?

Karibuni naye, nitampa kiti. Asome akitaka; vidonge tutaanza siku hiyo hiyo. Mje na kadi ya kliniki, aliyemwona akianguka, na video mkiwa nayo.