Kwa Nini Usambara na Udzungwa Zina Viumbe wa Kipekee Wengi Kuliko Kilimanjaro?

Mtu akiulizwa ni mlima gani wa Tanzania wenye mimea na wanyama wengi wasiopatikana kwingine duniani, aghalabu hutaja Kilimanjaro. Mlima huo una mita 5,895, una barafu kileleni, na anayeupanda hupita msituni, kwenye nyasi za baridi na kwenye jangwa la mawe ndani ya siku chache. Hata hivyo, jibu hilo si sahihi. Kilimanjaro inayo mimea yake yenyewe, lakini kwa wingi wa spishi za aina hiyo haizifikii Usambara, Uluguru wala Udzungwa, ambazo vilele vyake havifiki hata nusu ya kimo chake.

Kosa ni kudhani kwamba kimo ndicho kinachozaa upekee. Kimo huleta hali ya hewa ya namna nyingi. Spishi mpya huhitaji muda mrefu na kutengwa na jamaa zake. Kilimanjaro ni volkano changa, iliyoanza kujengeka takribani miaka milioni 2.5 iliyopita. Milima ya Tao la Mashariki, yaani safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kupitia Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, ni ya miamba ya kale sana, na inakadiriwa kuwa ilianza kuinuka angalau miaka milioni 30 iliyopita.

Umri peke yake hautoshi. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki ya milima hii, hupoa na kuacha mvua na ukungu, kwa hiyo bara lilipokauka na misitu ya tambarare kugeuka nyika, misitu ya milimani iliendelea kunyeshewa. Ni kama bwawa linapokauka wakati wa kiangazi: samaki hubaki katika vidimbwi vichache vyenye kina, na maji yasiporudi kuviunganisha kwa vizazi vingi, wa kidimbwi kimoja hawazaani tena na wa kingine, tofauti ndogondogo hulimbikizana, na mwishowe kila kidimbwi huwa na aina yake. Chavua iliyofukiwa katika vinamasi vya Udzungwa na Uluguru inathibitisha kwamba misitu hiyo ilidumu katika enzi ya barafu iliyopita. Kwa mamilioni ya miaka ya kabla ya hapo, hoja hutegemea zaidi vinasaba vya viumbe wenyewe.

Baadhi ya waliosalia humo hushangaza kweli. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Udzungwa waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya chakula. Ilikuwa ya kwale wa msituni ambaye sayansi haikuwa imemtambua, na jamaa zake wa karibu wamo Asia.

Chura wa Kihansi, asiyefika sentimita 3, huzaa watoto badala ya kutaga mayai, na makazi yake yote yalikuwa eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya korongo moja la Udzungwa. Sehemu kubwa ya maji ilipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua mno, na ugonjwa wa kuvu ukafuatia. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Vyura waliokuwa wamepelekwa mapema katika bustani za wanyama za Marekani walizaana huko, na kuanzia mwaka 2012 kizazi chao kilianza kurudishwa Kihansi, ambako mabomba hunyunyizia maji mimea ya korongo.