"That" ni ya watu pia

Hapa Mombasa, tangu shule ya msingi tumeambiwa "that" ni ya vitu na "who" ni ya watu. Juzi mpwa wangu alinionyesha daftari lake: "anyone that knows me", na "that" imekatwa kwa kalamu nyekundu. Niliumia, maana mtoto alikuwa amepatia. Waingereza wanaitumia kwa watu karne nyingi sasa. Biblia yao ya 1611, Yohana 8:7, inasema "He that is without sin". Nadhani sisi tunapotezwa na ambaye na ambacho, zinazotenganisha mtu na kitu. "That" haitenganishi. Isiyomfaa mtu siku hizi ni "which". Baada ya koma, kama "my uncle, who lives in Likoni", hapo baki na "who".