Kompyuta haiwaki, nawe unataka nikupigie Windows

"Fundi, mashini inakataa kuwaka. Niwekee tu Windows ingine."

Hapa Birere, mtaa wa Goma, maneno haya nayasikia asubuhi, nayasikia jioni. Anayeyasema hajui mashini inaumwa nini, lakini dawa ameshajiandikia. Ukimwambia tuanze kwa kupima chaja, anakutazama kama mtu anayetafuta kumlia dola zake.

Haya, tuelewane. Windows, programu kuu inayoendesha kompyuta, inakaa kwenye diski, na diski ndiyo inayosomwa mwisho. Unapobonyeza kitufe, kwanza umeme unatoka kwenye chaja au betri na kuingia kwenye ubao mama, nao unaugawa kuwa volti ndogo ndogo za kila sehemu. Zikitulia, prosesa, ubongo wa mashini, inaamka na kusoma programu fupi iliyo ndani ya chipu ya huo ubao: BIOS, au UEFI kwa mashini za karibuni. Programu hiyo inapima RAM (kumbukumbu ya muda ya mashini), inaamsha skrini, inaonyesha nembo ya HP, Dell au Lenovo. Baada ya yote hayo ndipo inauliza, "Diski iko wapi?" Basi kama skrini ni nyeusi, hakuna nembo, pengine hata taa hakuna, Windows haijaguswa bado. Haina kosa. Kuibadilisha ni sawa na kubadilisha dereva wakati pikipiki haina mafuta.

Asiyeamini namfanyia jaribio mbele ya macho yake. Nafungua skrubu za chini, natoa diski nzima, naiweka mezani, kisha nabonyeza kitufe. Mashini iliyo nzima itaonyesha nembo yake kama kawaida, halafu itaandika kwamba haioni kitu cha kuanzia. Hakuna diski, hakuna Windows, na imewaka! Yako isipoonyesha chochote katika hali hiyo, basi ugonjwa hauko kwenye Windows. Na ile flashi yenye Windows uliyoazima kwa rafiki haitasaidia, kwa sababu mashini haifiki hata mahali pa kuisoma.

Kinachonikera si ujinga wa jambo hili, maana kila mtu ana kazi yake. Kinachonikera ni hasara. Kuna mwanafunzi aliyeletwa kwangu na kaka yake. Mashini ilikuwa kimya. Kaka alikuwa ameshatoa diski, akaipachika kwenye kompyuta ya jirani, akaiformati, yaani akaifuta yote, akaweka Windows safi, akairudisha. Mashini ikabaki kimya vilevile. Nilipima chaja kwa maltimita: sifuri. Waya ulikuwa umekatikia ndani, karibu na kichwa, pale unapopindwa kila siku. Chaja nyingine ikawasha mashini papo hapo, ikafungua Windows mpya inayong'aa, tupu kabisa. TFC yote, ile kazi yake ya kumalizia masomo, ilikuwa kwenye ile diski. Tena ilikuwa SSD, diski ya chipu isiyozunguka, na SSD ikishaformatiwa, Windows huiambia ifute vipande visivyotumika. Kuvirudisha huwa ni karibu muujiza. Kwenye diski za zamani za kuzunguka ningeweza kuokota mengi.

Windows huwa na kosa kweli, sikatai. Dalili yake ni kwamba nembo inaonekana, vidoti vinazunguka bila kufika popote, au inatokea skrini ya buluu. Hata hapo kuformati si hatua ya kwanza. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, zenyewe hufungua ukurasa wa kujirekebisha. Kutoka hapo unaweza kuondoa sasisho la mwisho au kuingia katika hali salama, yaani Windows kuwaka na vitu vya lazima tu. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa hesabu ya Microsoft, ziliangukia skrini ya buluu kwa sababu ya sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuingia katika hali salama na kufuta faili moja. Faili moja tu!

Kabla ya kupanda pikipiki kuja kwangu, fanya hivi. Chomoa chaja. Toa betri kama inatoka. Kandamiza kitufe cha kuwasha, uhesabu polepole hadi sekunde 30, uachie. Rudisha chaja peke yake, ujaribu. Umeme uliobaki kwenye ubao unaweza kuifunga mashini isiamke, hasa baada ya umeme wa mtaa kukatika na kurudi kwa kishindo, na hilo hapa Goma silazimiki kumweleza mtu. Bado ni nyeusi? Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashini iko hai, skrini ndiyo haionyeshi. Mulika tochi ya simu karibu na kioo, huenda ukaona picha hafifu. Taa ikipepesa yenyewe kwa mpangilio, au ukisikia milio, hesabu uandike. Hiyo ni ripoti ya ugonjwa, na kila kampuni ina jedwali lake. Mara nyingi ni RAM iliyolegea: zima kila kitu, itoe, isugue meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa makombo, irudishe mpaka ilie "ka". Kifutio changu kiko mezani kila siku, na kimenilipia kodi kuliko programu yoyote.

Mengine nayapitia haraka.

"Ni virusi vimeiua." Virusi haviwezi kuzuia taa ya umeme isiwake. Wazee wa kazi watanikumbusha CIH, kirusi cha Windows 95 na 98 kilicholipuka tarehe 26 Aprili 1999 na kufuta chipu ya BIOS kwenye baadhi ya mashini. Ni kweli, lakini mashini yako si ya 1999.

"Betri ya saa imekwisha, ndiyo maana haiwaki." Kile kidonge cha CR2032 cha volti 3 kinatunza saa na mipangilio. Kikifa, kwa kawaida mashini inawaka, inalalamikia tarehe, na intaneti inakataa kurasa kwa sababu saa imerudi nyuma miaka. Kibadilishe, ni bei ya vocha.

"Iliingia chai, nikaiweka kwenye mchele." Mchele upike. Hauvuti maji yaliyo chini ya chipu, na sukari na maziwa vinabaki vikila shaba. Chomoa betri mara moja, usijaribu kuwasha "kuona tu", iletwe ifunguliwe na kusafishwa kwa alkoholi.

"Ubao umeungua, basi faili zimekwenda." Hapana. Diski hutolewa na kusomwa kwenye mashini nyingine, isipokuwa zile ambazo hifadhi imelehemiwa kwenye ubao. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute leo kwenye akaunti yako ya Microsoft, mashini ikiwa bado nzima.

Vumbi: lile jeusi la mawe ya volkano linaziba feni kweli, nalikuta limegandana kama blanketi. Ila mashini yenye vumbi huwaka, kisha hujizima baada ya muda ikiwa imechemka. Na tafadhali usiipeleke kwa mwenye kujaza upepo magurudumu. Kompresa ile inatema maji na mafuta pamoja na upepo.

Wenye kompyuta za mezani zilizotoka Marekani, angalieni nyuma ya kisanduku cha umeme kama kuna swichi ndogo nyekundu. Ikisoma 115 na wewe una 220 ukutani, usichomeke. Utasikia mlio mmoja, na harufu.

Halafu chaja. "Taa yake inawaka, kwa hiyo ni nzima." Taa inakula umeme kidogo mno, chaja inaweza kuiwasha na bado ikaporomoka mara mashini inapoanza kuvuta. Soma kibandiko: 19.5 V na 3.34 A ni wati 65. Volti lazima zilingane na za mashini. Ampea zikizidi hakuna ubaya, mashini inachukua inachohitaji. Zikipungua ndipo shida. Na zile za Dell zina sindano nyembamba katikati ya kichwa: ikivunjika, mashini haitambui chaja, na betri haijazwi hata ukiiacha usiku kucha.

Kwa hiyo ukija, njoo na chaja. Ile unayotumia kila siku nyumbani, si ya shemeji.