Alianza kusahau lini?

Familia ikimleta mzee wao kliniki kwa sababu ya kusahau, siulizi kwanza amesahau nini. Nauliza ilianza lini, na ilianzaje.

Mama aliyekuwa sawa Jumapili, kisha Jumanne anamwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake, usiku anaweweseka na mchana anasinzia katikati ya maneno, hajazeeka kwa siku mbili. Kuna kitu kimemzidi: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka, au dawa mpya. Hata baadhi ya dawa za mafua na mzio, zile zinazoleta usingizi, humvuruga mtu wa umri mkubwa. Tafadhali apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Akianza kubadilika wiki chache baada ya kuanguka, hata kama hakuumia sana, tunatafuta damu iliyovilia kati ya ubongo na fuvu. Akili yake ikishuka ngazi kwa ngazi, tunafikiria kiharusi na shinikizo la damu.

Ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906, huja taratibu hata ndugu wasikubaliane ulianza mwaka gani. Kwa kawaida huanzia karibu na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya. Ndiyo maana baba anasimulia harusi yake bila kukosea, lakini ndani ya saa moja ameuliza mara 4 kama chakula kimeiva. “Mbona ya zamani anayakumbuka?” watu husema, na miaka inapita. Kusahau ulipoweka ufunguo hutupata sote. Kuushika mkononi usijue ni wa nini, hapo pana ugonjwa.

Alzheimer haina dawa ya kuiponya. Lakini upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inapofanya kazi kidogo mno, na sonona vinaweza kufanana nayo, na vyote vina tiba. Inaniuma kumwona mtu ameachwa miaka na ugonjwa unaotibika kwa sababu tu walisema ni uzee.

Mkija, leteni dawa zote anazotumia, na zile mlizonunua wenyewe dukani. Nikimuuliza mzee leo ni siku gani, mwacheni ajibu. Mara nyingi hugeuza shingo kumtazama binti yake, na binti, kwa huruma, hujibu upesi. Binti, subiri kidogo. Kule kugeuka kwake kunanieleza mengi.