Kitufe Chekundu Hakitoshi

Katika taarifa za ajali za viwandani zinazotufikia, maelezo ni yaleyale: "Mashine ilikuwa imesimama, ghafla ikajiwasha yenyewe." Ndugu wananchi, haikujiwasha. Ilikuwa inasubiri. Mkanda wa kusafirisha mifuko ukikwama, mfumo unaouendesha huzuia mota hadi sensa, yaani kifaa kinachohisi kilicho mbele yake, ione njia iko wazi. Fundi akiingiza mkono na kuchomoa mfuko uliokwama, sensa inaona njia, mota inaendelea na kazi, na mkono bado uko ndani.

Kitufe chekundu cha dharura ni cha kusimamisha mashine, si cha kufanyia matengenezo. Kwenye mashine nyingi hukata saketi ya amri tu, yaani nyaya zinazoiambia mashine iwake au isimame. Umeme mkubwa unabaki kwenye nyaya na hewa ya kompresa inabaki kwenye mabomba. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli lako, ufunguo ukae mfukoni mwako na si kwa msimamizi wa zamu, toa hewa, kisha jaribu kuwasha uthibitishe kuwa haiwaki. Na umeme kukatika si kuzima mashine, kwa sababu utarudi bila kukuaga.

Wapo wanaounga waya moja kwa moja kwenye swichi ya mlango ili mashine ifanye kazi mlango ukiwa wazi, eti kuokoa muda. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunahesabu vidole vilivyokatika.

Ajali ikitokea, mfanyakazi au mwenzake amjulishe mwajiri mara moja. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku 7. Ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12 hupoteza haki ya mafao. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Fidia si hisani ya mwajiri, na mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kuwa mwajiri alikosea. Mchango hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Mwajiri asiyejisajili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 50, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili.

Tunawasihi pia wasimamizi: waya uliounganishwa kinyemela usiondolewe usiku ule wa ajali. Uacheni ulivyo, mashine ifungwe, hadi wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) wauone.