The Cramps: wanavyosemwa na walivyokuwa

Mwaka 2022, tamthilia ya Wednesday ilipomwonyesha binti akicheza huku viungo vimemkakamaa, wimbo Goo Goo Muck ulisambaa mitandaoni na wengi wakadhani The Cramps ni wasanii wapya. Bendi hiyo ya Marekani ilianza New York mwaka 1976, na mwimbaji wake, Lux Interior, alifariki Februari 2009. Hata wimbo wenyewe si wao. Ronnie Cook and the Gaylads waliutoa mwaka 1962, The Cramps wakaurudia 1981. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao: kufukua rekodi za rokabili (rock and roll ya miaka ya 1950 yenye ladha ya country) zilizosahaulika na kuzipiga kwa fujo ya panki, rock ya kasi na kelele.

Wapo wanaosema waliabudu shetani. Hili ndilo linalonikera zaidi. Lux alikulia Ohio, upande wa Akron. Miaka ya 1960, katika televisheni ya Cleveland iliyo jirani, kulikuwa na mtangazaji Ernie Anderson aliyejiita Ghoulardi. Usiku wa Ijumaa alivaa ndevu bandia na koti la maabara, akaonyesha filamu za kutisha zisizo na kichwa wala miguu, huku akizifanyia dhihaka. Mafuvu na mazimwi ya The Cramps yametoka kwenye kicheko hicho. Albamu yao ya 1990 waliipa jina la msemo wa Ghoulardi, Stay Sick!, na ile ya 1997 wakaitoa kwa kumbukumbu yake.

Wapo pia wanaosema Poison Ivy, mpiga gitaa wao, alikuwa pambo la jukwaani. Hao wameangalia picha tu. Lux akijibwaga sakafuni na kumeza maikrofoni, Ivy alisimama pembeni, uso mkavu, akicharaza gitaa: noti chache, mwangwi mwingi, kila moja mahali pake. Alitunga nyimbo pamoja na Lux, akawa prodyuza, akaisimamia bendi. Kwa maoni yangu, bila yeye kungebaki vituko tu. Na ikumbukwe kwamba miaka ya mwanzo hawakuwa na mpiga besi kabisa; magitaa mawili na ngoma vilibeba kila kitu. Ujaribu uone kama ni kazi ya wasiojua kupiga.

Mkanda wa video wa onyesho lao la Juni 13, 1978 nao hueleweka vibaya. Walipiga mbele ya wagonjwa wa Napa State Hospital, hospitali ya akili huko California, na wapo wanaodai walikwenda kuwacheka. Utazame: wagonjwa wanapanda jukwaani, wanashika maikrofoni, wanapiga kelele pamoja na Lux. Naye anawaambia amesikia kwamba wao ni vichaa, lakini yeye anawaona wako sawa tu.

Na saikobili je, ule mchanganyiko wa rokabili na panki wanaohusishwa nao? Walilitumia neno hilo kwenye matangazo yao kuvuta watu. Mtindo wenyewe uliimarishwa na The Meteors wa London kuanzia 1980, na The Cramps hawakutaka kuhesabiwa humo.