Mwanamfalme Paul: kutoka Belgrade hadi Naivasha

Oserian, kusini mwa Ziwa Naivasha, Wakenya wengi wanaijua kwa maua. Sisi tunaofuatilia nasaba za kifalme za Balkan tunaijua kwa sababu nyingine. Mwaka 1941 Waingereza walimweka huko kizuizini mtu ambaye wiki chache tu nyuma alikuwa akitawala Yugoslavia.

Ni Mwanamfalme Paul wa ukoo wa Karađorđević. Kiti hakikuwa chake. Alisoma Oxford, akapenda michoro kuliko siasa, na baadaye Belgrade, mji mkuu, ikapata makumbusho yenye jina lake. Tarehe 9 Oktoba 1934 binamu yake Mfalme Alexander akapigwa risasi Marseille akafa. Mrithi, Peter, alikuwa na miaka 11. Kisheria waliteuliwa watu watatu kutawala kwa niaba ya mtoto. Kiutendaji, mwenye kauli alikuwa Paul.

Naulizwa sana: hawa si wote ni ndugu na Waingereza? Ni ndugu, tena wa karibu. Paul alipomwoa Olga wa Ugiriki mwaka 1923, aliyemsimamia harusini ni yule ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme George VI. Marina, mdogo wake Olga, akaolewa na Duke wa Kent, mdogo wa George. Kwa hiyo Paul na Duke walikuwa mwanyumba.

Tarehe 25 Machi 1941 serikali yake ilitia saini mkataba na Hitler, mjini Vienna. London ilimwona msaliti. Mimi simwiti hivyo. Hungaria, Romania na Bulgaria zilikuwa zimeshasaini, na alipata ahadi ya maandishi kwamba majeshi ya Ujerumani hayataomba kupita nchini mwake. Ahadi ya Hitler ilikuwa na thamani gani, hilo ni swali halali, lakini Waingereza nao hawakuwa na jeshi la kumpa. Siku mbili baadaye maofisa wa jeshi walimpindua, wakatangaza kuwa Peter, mwenye miaka 17, ameshafikia umri wa kutawala. Tarehe 6 Aprili mabomu yakaanguka Belgrade. Tarehe 17 jeshi likasalimu amri.

Paul akapitishwa Ugiriki na Misri, akaletwa Kenya na familia yake. Nyumba waliyopewa, ambayo walowezi waliipachika jina la Djinn Palace, yaani Kasri la Majini (mapepo), ilikuwa ya mlowezi mwenzao Lord Erroll, aliyekutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi mwezi Januari mwaka uleule. Muuaji hajapatikana mpaka leo. Sijui nani aliona hayo ni makazi ya kumtuliza mtu!

Agosti 1942 Duke wa Kent alikufa katika ajali ya ndege huko Scotland. Olga akaruhusiwa kusafiri London kumliwaza mdogo wake. Paul alibaki Naivasha. Kwangu mimi, hapo ndipo unapoona undugu wa kifalme ulipokomea.

Mwaka 1943 walihamishiwa Afrika Kusini, ambako waziri mkuu Jan Smuts aliwapokea vizuri. Baada ya vita, serikali ya kikomunisti ya Yugoslavia ilimtangaza mhalifu wa kivita na kutaifisha mali zake. Alifia Paris mwaka 1976, akazikwa Lausanne. Binti yake Elizabeth ndiye aliyepigania jina la baba mahakamani, na mwaka 2011 mahakama ya Serbia ikamsafisha. Oktoba 2012 mabaki yake yakazikwa upya Oplenac, Serbia, kwenye makaburi ya ukoo wake, pamoja na ya Olga na mwana wao Nicholas.